Kumpeleka Baba Mkwe Milimani

Mimi ni mtu wa mipango. Jumapili jioni naandika kitakachopikwa wiki nzima, na wanangu wakiuliza tunakula nini nawaonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani. Darasani kwangu, hapa Utemini, watoto wanajua kwamba mwalimu akisema kesho mje na vifutio, kesho vifutio vitakaguliwa. Kwa hiyo mume wangu aliporudi kutoka Itigi na habari kwamba baba yake anataka kupanda treni ya Zambia, ile inayopita milimani na ndani ya mahandaki, sikuanza kushangaa. Nilitafuta daftari.

Daftari lenyewe ninalo hadi leo. Ukurasa wa kwanza umeandikwa SAFARI YA BABA kwa wino mwekundu. Kurasa sita zinazofuata ni mambo niliyoyaandika nikayakata, nikayaandika tena kwa namna nyingine, nikayakata tena. Sijawahi kupanga kitu kikanisumbua kiasi hicho, na nimepanga harusi mbili.

Baba mkwe wangu ni mstaafu wa reli. Hakuwa dereva wala mkuu wa stesheni. Alikuwa mtu wa gengi, wale wanaotembea njiani kila asubuhi na nyundo ndefu na spana, wakigonga na kukaza, ili wengine wapite wamelala. Kipande chake kilikuwa kati ya Manyoni na Itigi, na alikishika mpaka siku aliyostaafu. Ni nchi tambarare ya vichaka. Mwenyewe anasema ungeweza kuiona taa ya treni, ukala ugali wako, ukanawa, na treni bado haijafika. Mlima pekee alioujua ni ukingo wa Bonde la Ufa, treni inapopanda kutoka Bahi kuja Saranda, na huo ulikuwa mikononi mwa gengi jingine.

Alikuwa na rafiki waliyeanza naye kazi. Rafiki huyo akaenda kufanya kazi kwenye reli ya Zambia, na baada ya miaka kadhaa akaja likizo kuwasalimu. Wakiwa wanakunywa chai, gengi zima limekaa juu ya reli, akawasimulia kwamba kule milimani treni inakata kona kali mpaka mtu aliye behewa la mwisho anakiona kichwa cha treni kinakwenda upande wa pili, kama vile kinarudi. Baba mkwe akamwambia ni mwongo. Alimwambia mbele ya watu wote kwamba yeye ameshika reli kwa mikono yake na reli si nyoka. Watu wakacheka. Rafiki yake alimaliza chai, akalala usiku mmoja na kuondoka asubuhi bila kuaga. Hawakuonana tena. Miaka mingi baadaye zikaja habari kwamba amefariki.

Hayo yote mume wangu aliyasikia siku moja tu, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, ndani ya basi wakitoka hospitali ya macho. Mzee ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, na la kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari aliwaeleza kwamba kilichopotea hakirudi, na dawa ya matone kazi yake ni kukizuia kilichobaki kisiondoke haraka. Mzee akauliza swali moja: kitabaki mpaka lini? Daktari hakutaja mwezi. Alisema kama kuna jambo angependa kuliona, asilisogeze mbele.

"Nataka niione ile kona," mzee alimwambia mwanawe ndani ya basi. "Nijue kama nilimkosea yule bwana."

Nilimwambia mume wangu kwamba jambo hilo linamalizika kwa simu. Nilitafuta video ya treni ikipita milimani, nikampa aende nayo. Mzee aliileta simu karibu na jicho lake la kulia, akaitazama mpaka mwisho, akairudisha. Alisema ameona kitu cha kijani kinatikisika. Tena, alisema, siku hizi watu wanaweza kutengeneza picha ya ng'ombe anaendesha trekta.

Basi ikawa safari. Nilianza na hati za kusafiria, kwa sababu mzee alisema hateremki njiani. Mimi nilidhani tungefika hiyo kona, tukashuka Makambako na kurudi kwa basi. Jibu lake lilikuwa kwamba treni hupandwa stesheni ya kwanza na kushukwa stesheni ya mwisho, na kama stesheni ya mwisho iko Zambia, basi ataiona na Zambia. Nadhani pia alikuwa amesikia kwamba ukivuka mpaka unarudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Jambo hilo lilimfurahisha mno. Alilisema mara tatu kwa siku moja.

Nilipendekeza tuende kwa basi kupitia Dodoma na Iringa, tukaipandie treni Makambako. Akakataa, kwa sababu Makambako ni juu, na mlima hauanziwi juu. Alitaka pia kuziona hizo reli karibu, maana ana hakika zimeachana zaidi ya zake kwa vidole vitatu au vinne, jambo ambalo rafiki yake alimweleza na ambalo, kwa bahati nzuri, hakulibishia. Nikaandika: treni ya Reli ya Kati, Itigi mpaka Dar es Salaam, kulala siku mbili kwa shemeji, kisha treni ya Zambia.

Hapo niseme jambo ambalo mtu wa nyumba nyingine anaweza kuliona dogo. Katika ukoo wa mume wangu, mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Hampi mkono, hakalii kiti chake, hataji jina lake, na hawalali chumba kimoja hata kama nyumba nzima ina chumba kimoja. Salamu inaruhusiwa. Nasimama mlangoni, napiga goti nusu, "Shikamoo baba," naye anajibu "Marahaba" akiwatazama kuku. Baada ya hapo maneno yote hupita kwa mtu wa tatu. "Mwambie mkeo chai imekolea." Mimi nipo hatua tatu kutoka alipo, nimesikia, lakini nasubiri mume wangu aniambie chai imekolea, ndipo nasema, "Mwambie baba nashukuru."

Nilipoolewa niliona ni maigizo. Nimezaliwa Mtinko, na baba yangu alikuwa akitaniana na wake za kaka zangu mpaka wanashika mbavu. Miaka kumi na minne imenizoesha, na kusema kweli kuna siku nimeushukuru mwiko huo. Baba mkwe asiyeruhusiwa kusema nawe hana namna ya kukugombeza.

Lakini kuna njia ya kuuondoa. Mzee hutoa mbuzi, humkabidhi mke wa mwanawe mbele ya ndugu, na tangu siku hiyo wanapeana mikono na kuongea kama watu wengine. Wazee wengi wa ukoo wao hufanya hivyo mtoto wa pili au wa tatu akishazaliwa. Mimi nimezaa wanne. Mbuzi sijamwona. Mama mkwe, kabla hajafariki, aliwahi kumkumbusha, na mzee akajibu kwamba hana haraka. Niliambiwa nikacheka, lakini liliniuma, na bado lilikuwa linaniuma siku nilipofungua lile daftari.

Kwa hiyo ukurasa wa tatu wa daftari ni mchoro wa behewa. Wanaume wanalala chumba chao na wanawake chumba chao, isipokuwa familia ikichukua chumba kizima. Mume wangu alisema tuchukue chumba kizima. Nikamtazama mpaka akakumbuka. Tukakubaliana yeye na baba yake walale kwa wanaume, mimi nilale kwa wanawake, chumba kinachofuata, na vyakula vikae kwangu. Nilichora hata mahali pa kuweka chupa ya chai. Mpango ulikuwa mzuri, na ulidumu siku nne.

Ulivunjwa na jua na alizeti. Mimi ni mwalimu, naweza kusafiri Juni au Desemba tu. Nilikaa na ratiba ya treni, nikaona kwamba inafika milimani alfajiri, kabla hakujapambazuka. Nikaangalia saa za kuchomoza jua. Juni linachelewa, karibu saa moja asubuhi. Desemba linawahi, saa kumi na mbili na dakika chache. Kwa mtu anayeona kupitia bomba, nusu saa ya mwanga ni mali. Desemba ilikuwa bora, na mume wangu pia angekuwa na nafasi, kwa sababu anafanya kazi kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, na Juni ndiyo wakati magari ya mbegu yanapanga foleni hadi barabarani. Mwezi huo hata kwenye msiba anaruhusiwa nusu siku.

Ila Machi tulipompeleka mzee kupimwa tena, lile bomba lilikuwa limezidi kuwa jembamba. Nilikuwepo. Muuguzi alimwambia ahesabu vidole, akahesabu vidole vya mkono mmoja na kuuacha mwingine kwa sababu hakujua kama ulikuwepo. Niliondoka pale nikiwa nimeshaamua. Desemba anaweza kwenda na mwanawe na asione chochote. Juni anaweza kwenda akiwa bado ana kidogo, lakini mtu pekee wa kumpeleka ni mimi, ambaye siwezi kumshika mkono.

Mtu mwingine hakuwepo, tulitafuta. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye anayeishi na mzee Itigi tangu alipofiwa na mumewe, lakini wifi akipanda chochote chenye magurudumu anatapika. Kutoka Itigi hadi Manyoni tu humaliza mifuko miwili. Kumpeleka Zambia ingekuwa ukatili. Wajomba ni wazee kuliko mzee. Shemeji wa Dar es Salaam alisema angefurahi sana, na kwa jinsi alivyolisema tulijua haendi.

Siku ya Pasaka tulikwenda Itigi kulieleza jambo hili. Tulikaa uani, mzee kwenye kiti chake cha kamba, mume wangu kwenye kigoda katikati, mimi kwenye mkeka na daftari langu. Nilisoma yote, na mume wangu aliyarudia yote neno kwa neno, ingawa mzee ana masikio ya kusikia sisimizi.

"Mwambie mkeo amefanya kazi nzuri," alisema mzee.

"Anasema umefanya kazi nzuri."

"Mwambie baba nimeshukuru. Mwambie kwamba Juni kuna shida ya giza. Ila waliowahi kusafiri wanasema treni yoyote ya safari ndefu inaweza kuchelewa kidogo, na ikichelewa saa moja tu, tutakuta kumekucha."

Mume wangu alirudia hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayejua anachokibeba. Mzee akavua kofia na kuiweka gotini.

"Mwambie mkeo," alisema, "mimi nimekaza reli miaka thelathini na moja ili treni isichelewe. Nimelala porini ili isichelewe. Leo nipande treni nikiwa naiombea ichelewe?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimelifikiria kila jambo katika safari ile, mpaka sabuni, isipokuwa nani hasa anasafiri.

Jambo la mkono halikutajwa kabisa. Lilikaa pale mkekani na sisi tukilizunguka. Ni wifi aliyelitatua, au alidhani amelitatua, alipotoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi. Alisema kwa marehemu mumewe vipofu huongozwa kwa fimbo: anayeona anashika ncha moja, asiyeona anashika nyingine, na hakuna anayemgusa mwenzake. Sikufurahia kumsikia akimwita baba yake kipofu mbele yake, lakini mzee hakuudhika. Aliuliza fimbo ya urefu gani. Nikaandika kwenye daftari: fimbo, mita moja na nusu.

Mzee akaongeza sharti moja. Watu wa reli, alisema, hawatumii kitu ambacho hakijajaribiwa. Kabla ya kukata tiketi tufanye majaribio, na majaribio yafanyike kwenye behewa la kweli.

Jumamosi moja mwanzoni mwa Mei nilipanda basi la asubuhi peke yangu, mume wangu akiwa kazini. Stesheni ya Itigi kulikuwa na behewa la abiria limeegeshwa kwenye njia ya pembeni, na mkuu wa stesheni alituruhusu tulitumie hadi mchana, kwa sababu mzee kwao ni mwenzao. Wifi alikuja pamoja nasi ili awe mtu wa tatu. Alileta na maandazi. Mzee alivaa koti lake la kazi, la rangi ya chungwa iliyofifia, na fimbo ilikuwa mpini wa ile nyundo yake ndefu, ambao alikuwa ameuchomoa mwenyewe.

Kutoka nyumbani mpaka stesheni tulikwenda vibaya. Mimi mbele na ncha yangu, yeye nyuma na ncha yake, na kila penye shimo nilitakiwa kusema, lakini nilimwambia wifi, wifi akamwambia mzee, na mzee alikuwa ameshaingia shimoni. Mara mbili alijikwaa kwenye mizizi. Mara moja aliiachia fimbo nami nikaendelea kutembea na kijiti changu kama mjinga. Wifi alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu siku zilizobaki na moyoni nilikuwa nimeshaanza kuifuta safari.

Tulipofika kwenye reli mambo yakabadilika. Behewa lilikuwa mbali kidogo, na njia fupi ilikuwa kutembea katikati ya reli, juu ya mataruma, yale mapande yanayolala chini ya reli kuzishikilia. Mzee alipokanyaga taruma la kwanza alisimama. Akanyoosha mgongo. Kisha akaanza kutembea, na sikuwa nikimwongoza tena. Miguu yake ilijua taruma linalofuata liko wapi. Hakuangalia chini, na angeangalia asingeona kitu. Alikwenda kwa mwendo mmoja, hatua, hatua, hatua, na mimi niliye na macho mawili mazima nilikuwa nahangaika: hatua moja fupi, nyingine ndefu, kiatu kinateleza kwenye kokoto. Fimbo ilikuwa inanisukuma kutoka nyuma.

"Mwambie wifi yako asiongoze," alisema mzee. "Amwache anayejua njia."

Wifi hakupata nafasi ya kuniambia. Kiatu changu kilinasa kwenye kichwa cha bolti, mguu ukabaki nyuma, mimi nikaenda mbele. Fimbo ikaanguka. Nilikiona chuma cha reli kinakuja usoni mwangu, na sikugonga. Kuna kitu kilikuwa kimenikamata mkono juu ya kiwiko, na kingine kikanidaka begani, kikanirudisha nyuma mpaka nikasimama.

Ilikuwa mikono ya mzee. Sijui aliniona kwa lile jicho lake au alisikia tu kokoto. Viganja vyake ni vigumu kama ganda la mti, na vilikuwa vinanishika kweli, kama unavyomshika mtu anayeanguka. Wifi alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga. Nilisubiri aniachie, kwa sababu hilo ndilo lililotakiwa kutokea, kila mtu ageuke upande wake na tujifanye hapakuwa na kitu. Hakuniachia.

"Umeumia?" aliuliza.

Wifi, kwa mazoea, akageuka kuniambia, "Anauliza kama umeumia."

"Nimesikia," nilisema. Halafu nikamjibu mwenyewe. "Sijaumia, baba."

"Mguu uweke katikati ya taruma. Ukingoni kuna mafuta na bolti. Na usitazame miguu, tazama mbele. Miguu itahesabu yenyewe."

Hilo ndilo jambo la kwanza refu aliloniambia tangu nilipoolewa, na lilikuwa somo. Nililipokea kama mwanafunzi. Tulitembea mpaka kwenye behewa hivyohivyo, mkono wake ukiwa umenishika juu ya kiwiko. Kwa mtu anayetazama kutoka jukwaani ungeonekana ni mkono wangu unaomwongoza yeye. Nilikuwa nalia kidogo. Sikuona sababu ya kujificha, maana mmoja hakuwa akiona na mwingine alikuwa analia zaidi yangu.

Kwenye ngazi za behewa alinitangulia. Ndani alipapasa milango, vitasa, vitanda, akasema chumba hiki kitatosha. Kisha akanipeleka mwisho wa behewa, mahali linapoungana na jingine treni inapokuwa kamili, akagonga sakafu kwa kisigino.

"Hapa sakafu inacheza," alisema. "Na sisi tutatakiwa kupita mabehewa yote mpaka la mwisho, maana kona inaonekana kutoka la mwisho. Nilijua tangu siku ya Pasaka kwamba fimbo haitafaa hapa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa na haya," alisema. "Mama yenu aliniambia nitoe mbuzi, nikasema sina haraka. Halafu akafa. Ningemtoa baada ya hapo watu wangesema nimemtoa kwa sababu sina tena wa kuniletea maji." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Wako wanne zizini. Chagua mwenyewe, usichaguliwe na mumeo, hajui mbuzi."

Nilichagua jike jeusi lenye doa jeupe shingoni. Wajomba waliitwa jioni ileile, mambo yakafanyika kama yanavyotakiwa kufanyika, ingawa mjomba mmoja alinung'unika kwamba mikono imetangulia na mbuzi amefuata. Mzee alimjibu kwamba hata treni mara nyingine hutangulizwa kitoroli cha kukagua njia.

Kabla sijaondoka kesho yake nilikaa naye uani, kigoda cha katikati kikiwa kitupu, nikamsomea daftari kutoka mwanzo. Tiketi, Juni, wiki ya pili. Hati za kusafiria zote mbili zimetoka. Matone ya macho, chupa mbili, moja akae nayo yeye na moja mimi. Nilipofika kwenye saa ya kuingia milimani nikapunguza sauti. Nilimwambia ukweli. Juni itakuwa bado giza, na daktari amesema jicho lake gizani halina kazi. Kama kona hiyo inakuja kabla ya jua, hataiona. Nilimwambia pia kwamba naogopa kumfikisha kote huko, arudi bila jibu.

"Gizani ni bora," alisema.

Nilidhani hakunisikia.

"Kichwa cha treni kina taa. Mchana ungetafuta kichwa katikati ya miti usikione. Gizani, kama yule bwana alisema kweli, utaiona taa inamulika mlima upande wa pili, inakuja kama inarudi kwetu. Mtu mwenye macho hawezi kuikosa." Akageuza uso wake kunielekea, pembeni kidogo ya mahali nilipokuwa. "Macho unayo wewe. Mimi nitakuwa nimesimama hapo karibu. Ukiiona, usiseme kitu, watu watakuwa wamelala. Niminye mkono tu. Nitajua nilimkosea, nami nitamwomba radhi hapohapo."

"Na nisipoiona?"

"Usinidanganye," alisema. "Mimi nilimwita mtu mwongo. Sitaki unidanganye ili nifurahi."

Nikamwahidi. Tunaondoka Jumanne ijayo. Mabegi yamefungwa, wifi amekaanga karanga, mume wangu ameomba ruhusa ya saa mbili anisindikize mpaka stendi ya basi la Itigi. Jana nilipitia daftari mara ya mwisho, nikakata fimbo, mita moja na nusu, na juu yake nikaandika: mkono wa kulia, ndio upande anaosimama.